Hulka ya Jemadari na Hukumu Zetu

Naanza na zoezi nililolitunga mwenyewe, na ambalo leo nalikosoa mwenyewe.

Katika semina ya vijana hapa Kidahwe nilifundisha somo la hulka nne: sangwini, koleriki, melankoli na flegmatiki. Somo hili linapendwa. Kijana anajaza karatasi ya maswali, anajumlisha alama, anapata jina lake jipya, na kicheko kinajaa kanisani. Ili kunogesha siku ya pili nilitafuta mtu wa historia wa kumpima pamoja. Sikutaka Napoleon wala Hannibal, kwa kuwa hao ni wa mbali. Nilitaka mtu wa ziwa letu. Nikamchagua Geoffrey Spicer-Simson, kamanda wa jeshi la majini la Uingereza aliyepigana na Wajerumani katika Ziwa Tanganyika mwaka 1915 na 1916. Nikawasomea habari zake kwa ufupi, nikawagawa katika vikundi, nikawauliza: huyu alikuwa hulka gani?

Hawakumaliza robo saa. Vikundi vyote vilisema sangwini. Mmoja akaongeza methali, debe tupu haliachi kuvuma, watu wakapiga makofi. Nami nikaandika ubaoni kwamba wamepata.

Sasa nasema kwamba hawakupata, na kosa halikuwa lao. Lilikuwa la zoezi, na aliyelitunga ni mimi.

Kwanza tuujue mzani tuliotumia. Hulka nne hazikutoka katika Maandiko. Zimetoka kwa waganga wa Kiyunani wa kale, ambao tunawakumbuka kwa jina la Hippocrates, na baada yake Galen katika karne ya pili baada ya Kristo. Wao walifundisha kwamba mwilini mna majimaji manne: damu, nyongo ya manjano, nyongo nyeusi na kohozi. Lililozidi ndilo lililodhaniwa kumtawala mtu. Uganga huo ulipita kwa Waarabu ukafika hata pwani yetu, na neno belghamu bado limo katika Kiswahili. Tiba ya leo imeyaacha majimaji hayo manne kama chanzo cha tabia, lakini majina yake yamebaki.

Katika makanisa majina hayo yaliingia kwa njia ya vitabu. Ole Hallesby, mwanateolojia wa Kilutheri wa Norway, aliandika juu ya hulka na imani. Kisha mchungaji Tim LaHaye wa Marekani akaandika kitabu chake mwaka 1966, na kingine mwaka 1971 ambamo aliwaweka watu wa Biblia katika mafungu: Petro sangwini, Paulo koleriki, Musa melankoli, Ibrahimu flegmatiki. Nimtendee haki LaHaye. Shabaha yake ilikuwa kuonyesha kwamba Roho Mtakatifu humbadilisha mtu, na kwamba hulka si kifungo. Lakini sisi tunaofundisha kwa vipeperushi na kwa kunakili tumeshika mafungu, tumesahau badiliko. Na zoezi la kumkisia jemadari ndipo kosa hilo linapoonekana wazi, kwa sababu marehemu hawezi kutujibu.

Tuje basi kwa Spicer-Simson mwenyewe. Vita vilipoanza mwaka 1914 Wajerumani walikuwa wakilitawala ziwa hili. Walikuwa na meli ndogo ya Kingani na kubwa kidogo yake, Hedwig von Wissmann, na hapa Kigoma walikuwa wakiiunganisha meli kubwa ya Graf von Götzen, iliyoletwa kwa vipande kutoka Papenburg, Ujerumani, kwa bahari na kisha kwa reli. Mwindaji mmoja, John Lee, alikwenda London mwaka 1915 akashauri kwamba boti ndogo za injini ziletwe kwa nchi kavu kupitia Kongo. Wazo likakubaliwa, na uongozi akapewa Spicer-Simson.

Boti zilikuwa mbili, za mbao, kila moja urefu wa mita 12 hivi. Yeye alitaka ziitwe Paka na Mbwa. Wakubwa wake wakakataa, akaziita Mimi na Toutou. Zilisafirishwa kwa meli hadi Cape Town, kwa reli hadi Fungurume huko Katanga, kisha zikakokotwa porini zaidi ya kilomita 200 kwa magari ya mvuke na maksai, juu ya milima ya Mitumba, huku madaraja yakijengwa moja baada ya jingine. Kisha reli tena, mto Lualaba, reli tena, hata zikafika ziwani Lukuga, mahali paitwapo leo Kalemie, mwishoni mwa Oktoba 1915. Tarehe 26 Desemba waliiteka Kingani. Tarehe 9 Februari 1916 waliizamisha Hedwig von Wissmann.

Hayo ni matendo. Lakini niliyowasomea vijana zaidi ni vituko: kwamba alivaa sketi mbele ya askari wake, kwamba mwili wake ulikuwa na chale za picha, kwamba alijisifu kwa mambo ambayo hakuyafanya, kwamba Waholoholo wa Lukuga walimwita Bwana Chifunga-Tumbo. Nikawaeleza pia kwamba meli kubwa ya Götzen ilipotokea baada ya ushindi wa Februari, hakutoka kuikabili. Na kwamba mwezi Juni 1916 huko Bismarckburg, ndiyo Kasanga ya leo, alijitenga na boma, Wajerumani wakapata nafasi ya kutoroka kwa njia ya maji. Ukilishwa chakula cha namna hiyo, utasema nini isipokuwa sangwini, mwenye kuanza kwa moto na kumaliza kwa majivu?

Nilipoandaa somo hilo kwa mara ya pili nilijiuliza swali nililopaswa kuanza nalo: haya yote nimeyapata kwa nani?

Kitabu cha Peter Shankland cha mwaka 1968 kimejengwa kwa sehemu kubwa juu ya kumbukumbu za daktari wa msafara ule, Hother Hanschell, zilizosimuliwa miaka mingi baada ya vita. Giles Foden, aliyeandika mwaka 2004, anasimulia kwa ucheshi mwingi, na msomaji hucheka kila ukurasa. Upande wa pili yuko Spicer-Simson mwenyewe, aliyechapisha makala yake katika jarida la National Geographic mwaka 1922, na humo yeye ni kiongozi mwenye mpango na subira. Basi tunaye daktari anayemsimulia mkubwa wake na tunaye mkubwa anayejieleza mwenyewe. Waholoholo tumebakiwa na jina lao la utani tu, nalo limetufikia kwa mikono ya Wazungu. Sisemi kwamba daktari alisema uongo. Nasema kwamba anayesoma kitabu cha kuchekesha atatoka na mtu wa kuchekesha, kisha ataita kicheko hicho hulka.

Tuuone udhaifu wa mzani kwa tendo moja. Tarehe 26 Desemba 1915 ilikuwa Jumapili. Inasimuliwa kwamba Spicer-Simson alikuwa akiongoza sala ya asubuhi mbele ya watu wake alipoletewa habari kuwa Kingani imeonekana. Hakukatiza. Aliendelea hadi mwisho wa ibada, ndipo akatoa amri ya kuingia botini.

Mtu huyo ni hulka gani? Flegmatiki, utasema, kwa kuwa hakushtuka. Mwingine atasema koleriki, kwa kuwa lazima amri yake imalizike kabla ya jambo lingine. Wa tatu atasema melankoli, mtu wa taratibu asiyeruka hata mstari wa sala. Na wale waliokwisha kuamua kuwa ni sangwini watasema alikuwa akijionyesha mbele za watu. Tendo ni lile lile, nalo limebeba majina yote manne bila kulalamika. Na kuna jibu la tano ambalo karatasi yetu haina nafasi yake: huenda alikuwa anasali.

Mizani inayotoa uzito wowote anaoutaka muuzaji, sokoni tungeikataa.

Tuendelee na yale tuliyoyaita uoga. Götzen ilikuwa meli ya chuma ya urefu wa mita 70 hivi, iliyofungwa mzinga mkubwa uliotolewa katika manowari ya Königsberg. Boti za Spicer-Simson zilikuwa za mbao, na kila moja ilikuwa na mzinga mdogo wa mbele. Pengine aliogopa. Pengine alihesabu. Mtu mwenye busara na mtu mwoga wakati mwingine husimama ufukweni pale pale wakitazama meli ile ile ikipita, na aliye mbali hawezi kuwatofautisha.

Tena kuna miaka ambayo vijana sikuwasomea kabisa. Kabla ya vita mtu huyu alifanya kazi ya kupima mito, huko China na Gambia. Baada ya vita, tangu mwaka 1921 na kwa miaka mingi, alikuwa katibu mkuu wa ofisi ya kimataifa ya upimaji wa bahari iliyoko Monaco. Kazi hiyo ni ya dawati, ramani, vipimo na barua. Debe tupu halikai dawatini miaka yote hiyo. Ningewasomea vijana habari hizo peke yake, wangesema melankoli, nami ningeandika ubaoni kwamba wamepata.

Lakini hoja yangu kubwa si kwamba tulikisia vibaya na sasa tukisie vizuri. Hoja ni kwamba kukisia kwenyewe kulitupumzisha tusiulize maswali ya imani.

Chukua habari ya John Lee. Ndiye aliyelipeleka wazo London, naye ndiye aliyetangulia kutafuta njia porini. Kabla msafara haujafika ziwani alikwisha kuondolewa, na sifa zote zikabaki kwa kamanda. Tukisema, "Ndivyo walivyo watu wa hulka ile, hawapendi kugawana sifa," tumemaliza mazungumzo. Tukisema, "Je, ndugu huyu alitendewa haki?" ndipo tumeyaanza. Sentensi ya kwanza haimdai mtu kitu. Ya pili inamdai kamanda, na inanidai mimi ninayejua ni nani aliyeanzisha jambo fulani katika kanisa letu na jina la nani limeandikwa kwenye taarifa.

Au chukua habari ya magari ya mvuke. Yalihitaji maji, na porini maji yalikosekana, hata wanawake wa vijiji vya jirani wakayabeba kwa vyungu kutoka mbali ili injini zisife. Pasipo maji yale Mimi na Toutou zingeozea milimani. Nimesoma kurasa nyingi juu ya tabia ya Spicer-Simson, wala sijakutana na mtu aliyeuliza hulka ya mama mmojawapo wa hao. Mchezo wa kukisia una heshima kwa mabwana wakubwa tu. Aliyebeba chungu hana hata jina, seuze hulka.

Paulo anatufundisha njia nyingine. Huko Antiokia Petro alikuwa akila pamoja na watu wa Mataifa, kisha walipofika watu kutoka kwa Yakobo akajitenga kwa hofu. Habari hiyo imo katika barua kwa Wagalatia, sura ya pili. Paulo alimfahamu Petro. Angeweza kusema kwamba ndugu yetu ndivyo alivyoumbwa, leo moto kesho baridi. Hakusema hivyo. Alimwambia mbele ya wote kwamba tendo lile halikwenda sawasawa na Injili. Kwa kufanya hivyo alimheshimu Petro kuliko tunavyowaheshimu watu sisi, maana aliyeambiwa tendo lake ni baya anaweza kutubu. Aliyeambiwa hulka yake ndiyo hiyo, atubu nini?

Sasa nifike nisipopenda kufika.

Katika semina ile ile tulitakiwa kumchagua mhazini wa vijana, atunze michango ya kununua kinanda. Alipendekezwa kijana mmoja anayeendesha bodaboda hapa njia panda, pale barabara ya Kasulu inapoachana na ile ya Uvinza. Ni kijana wa sauti kubwa na mizaha, abiria humpenda. Karatasi yake ilisema sangwini. Mimi, nikiwa mwalimu wa somo, nilisimama nikasema kwa tabasamu kwamba sangwini na fedha havikai chumba kimoja. Watu wakacheka, naye akacheka. Tukamchagua mwingine.

Jumapili iliyofuata hakuja kwaya. Wala ile ya pili. Ilipita miezi miwili kabla sijaenda kwao. Alinikaribisha vizuri, akaniletea kiti nje karibu na michikichi, akauliza habari za nyumbani. Nilipomwomba radhi alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwalimu, sikukasirika. Nilidhani Biblia ndivyo inavyosema."

Maneno hayo yamenikaa. Nilikuwa nimesimama mahali panaposomwa Neno, nikawa nimefundisha nyongo na kohozi za Wayunani, naye hakuwa na sababu ya kutenganisha. Alipokea hukumu yangu kama hukumu ya Mungu. Na mimi sikuwa nimefanya hata kazi ndogo kabisa ya mtu mwadilifu: kuuliza pale njia panda kama kijana huyu aliwahi kula chenji ya abiria. Baadaye niliuliza. Hakuna aliyekumbuka jambo la namna hiyo.

Samweli naye alikosea hivyo hivyo. Alitumwa nyumbani kwa Yese kumtia mafuta mtu atakayeliongoza jeshi na taifa. Alipomwona Eliabu, mrefu na mwenye umbo, akasema moyoni kwamba ndiye. Nabii mzima alikisia kwa macho, Bwana akamrudi kwamba wanadamu huona sura bali yeye huona moyo. Kama Samweli alirudiwa, mwalimu wa semina ya Kidahwe atajivunia nini na karatasi yake ya maswali?

Nisieleweke vibaya. Sisemi watu wote wamefanana. Wako wenye haraka na wako wenye kusitasita, na mke na mume wakilijua hilo mapema huepuka ugomvi mwingi. Somo la hulka likisaidia mtu kujichunguza, "Mimi hukasirika upesi, Bwana nisaidie," limefanya kazi njema. Ubaya huanza pale ninapoligeuza kwa mwenzangu, au ninapolitumia kujitetea: mimi ni koleriki, mnivumilie.

Mwisho wa vita vya ziwani una somo lake. Julai 1916, majeshi ya Wabelgiji yalipoikaribia Kigoma, Wajerumani waliamua kuizamisha Götzen kwa mikono yao wenyewe isiangukie kwa adui. Mafundi walioijenga, waliokuja nayo kutoka Papenburg, waliipaka mitambo yake mafuta mazito kabla haijazama tarehe 26 Julai. Walitii amri ya kuizamisha, na bado walifanya kazi yao kana kwamba siku moja itaibuliwa. Iliibuliwa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Wazazi wetu wamepanda meli hiyo pamoja na magunia ya dagaa na madumu ya mawese. Mwaka 2015 iliwabeba wakimbizi wa Burundi kutoka Kagunga kuwaleta Kigoma.

Mafundi wale walikuwa hulka gani? Hakuna aliyewapima. Tendo lao tunalijua, na tunda lake tumelila karibu miaka mia. Bwana wetu alituambia kwamba mti hutambulikana kwa matunda yake, na matunda huchukua muda. Robo saa haitoshi.

Basi semina ijayo nitamrudisha Spicer-Simson ubaoni, ila maswali yatakuwa mengine. Alitenda nini, na nani ameshuhudia? Nani alibeba mzigo na hakutajwa? Lipi katika matendo yake ningelitenda mimi, na lipi ningepaswa kulitubu? Tukimaliza kuyajibu hayo, tutachagua mhazini. Nimemwomba yule kijana wa bodaboda aje awe miongoni mwa watakaonisahihisha nikianza tena kukisia. Amesema atafikiri. Ni haki yake kufikiri. Mungu atupe macho ya kuona matendo, na subira ya kumwachia yeye mioyo. Amina.